Paskoki inayovuja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye boti za Ziwa Kivu

Hapa tumekusanya maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wenye boti, makapiteni na mafundi wa Goma, Bukavu, Minova, Kalehe na Idjwi, kuhusu yale matundu yaliyotobolewa kwa makusudi chini ya boti. Kama maji yanaingia sasa hivi, acha mengine yote uende swali la 8.

## Mambo ya msingi

1. Paskoki ni kitu gani hasa?

Ni bomba fupi lenye nyuzi linalopenya ubavu au tumbo la boti ili maji yapite: yaingie kupoza motere, au yatoke kwenye pompi, sinki au choo. Upande wa nje lina kofia bapa inayolalia mbao au fiba. Upande wa ndani lina ekru kubwa inayolibana. Juu ya ekru inakaa robine, na juu ya robine kuna kichwa cha kuvalisha tuyo, tuyo yenyewe ikiwa imefungwa kwa kolie. Kila kipande kati ya hivyo kina namna yake ya kuvuja, na fundi asiyejua ni kipi kinachovuja hupaka mastiki kila mahali na kurudi wiki ijayo.

2. Boti yangu ni ya mbao, motere inaning'inia nje. Hili linanihusu?

Kidogo. Motere ya nje huvuta maji yake kupitia mguu wake, haihitaji tundu. Lakini angalia kama una tundu la kutolea maji ya pompi ubavuni, au kizibo cha kumwagia maji boti ikiwa nchi kavu. Kama huna hata kimoja, maji unayofua kila asubuhi yanapita kwenye maungio ya mbao, na dawa yake ni kalafati mpya (pamba ya kuziba maungio).

3. Inadondoka tone moja moja tu. Naweza kusafiri nayo?

Tone moja kila sekunde ni kama lita 4 kwa siku nzima. Maji hayo peke yake hayazamishi chombo. Swali ni tone linatoka wapi.

Likitoka kwenye shingo ya mpini wa robine au mwisho wa tuyo, kaza taratibu, kausha, angalia tena baada ya dakika kumi, kisha safiri. Likitoka kati ya kofia na ubavu, au kwenye ufa wa chuma chenyewe, usisafiri. Kuna kipimo cha mkono: shika robine na uisukume pande zote kama mtu anayepima jino la mtoto. Ikicheza hata kidogo, boti ibaki bandarini, hata kama abiria wameshakaa na mizigo imefungwa.

4. Ikikatika kabisa, nina muda gani?

Mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Tundu likiwa nusu mita chini ya uso wa maji, hesabu ni hii: tundu la milimita 12 huingiza karibu lita 13 kwa dakika, la milimita 25 karibu lita 55, la milimita 38 karibu lita 128. Kwa lugha ya bidoni ya lita 20, tundu la milimita 25 linaijaza kwa sekunde 22, na la milimita 38 kwa sekunde 9 au 10.

Sasa linganisha na pompi. Pompi ndogo ya umeme iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa inatoa lita 33 kwa dakika kwenye karatasi. Ikiwa na betri iliyochoka na tuyo inayopanda mita moja na zaidi, hutoa karibu nusu ya hapo. Pompi hiyo haiwezi kushindana na tundu la milimita 25. Kinachookoa chombo ni kuziba. Pompi inakupa tu nafasi ya kuziba.

Kumbuka pia kwamba maji yaliyo ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) hayatulii. Boti ikilala kidogo upande mmoja, yote hukimbilia upande huo na kuulaza zaidi. Goma haijasahau tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipopinduka mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiiona kutoka nchi kavu. Boti yenye mzigo mkubwa haina akiba ya kubeba maji ya ngama.

## Kutafuta panapovuja

5. Nitajuaje kwamba ni paskoki, si mbao wala boksi ya shafti (pale mhimili wa propela unapotokea nje)?

Fua maji yote na ukaushe ngama kwa kitambaa mpaka mbao zising'ae. Nyunyiza unga wa muhogo au majivu makavu kuzunguka kila paskoki, kisha endelea kwa hatua tatu bila haraka.

Kwanza, motere imezimwa na robine zote zimefungwa. Subiri nusu saa. Unga ukilowa hapo, uvujaji uko chini ya robine: kwenye kofia, kwenye ekru au kwenye mwili wa robine yenyewe. Pili, fungua robine, subiri tena. Unga ukianza kulowa sasa, tatizo liko juu yake: tuyo, kolie au kichwa cha tuyo. Tatu, washa motere. Yakitokea maji wakati huo tu, tafuta kwenye pompi ya kupozea au kwenye boksi ya shafti. Boksi ya shafti ya kizamani, yenye kamba iliyopakwa grisi, inapaswa kudondosha matone machache kwa dakika shafti ikizunguka. Ukiikaza mpaka ikauke kabisa, utaunguza kamba na kukwaruza shafti.

Angalia sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Pale maji yalipokusanyika hapakuambii kitu, kwa sababu maji hufuata mataruma (mbavu za ndani za boti) na yanaweza kutokea mita mbili mbali na tundu.

6. Robine imegeuka rangi. Kijani ni kibaya?

Kijani ni kutu ya kawaida ya shaba, inafutika kwa brashi. Rangi ya kuogopa ni ya waridi, kama fizi.

Letoni ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Ikikaa majini miaka, zinki hutoka polepole na kuacha shaba tupu yenye vinyweleo kama sifongo. Umbo linabaki lilelile, lakini nguvu imekwisha. Kwaruza sehemu ndogo kwa kisu: letoni nzima ni ya manjano inayong'aa, iliyokufa ni nyekundu-waridi na inamomonyoka. Ukiigonga kwa nyundo ndogo, nzima hulia kama kengele, iliyokufa hutoa sauti ya kigae. Ukikuta waridi, badilisha. Usiikaze, itakatikia mkononi.

7. Ilikaa miaka mitano bila shida. Kwa nini ianze kuvuja sasa?

Upande wa Goma, jawabu la kwanza ni mawe. Ufuko wetu ni lava yenye kingo kali, na boti ikivutwa juu ya mawe hayo kofia ya nje hupigwa, hupinda kidogo, mastiki inaachia. Ingia chini ya boti upitishe kidole kuzunguka kofia: ukingo ulionyooka unateleza, uliopigwa utausikia.

La pili ni miguu na mizigo. Robine isiyokingwa kwenye sakafu ya ngama hukanyagwa, au huangukiwa na gunia la viazi. Kiwango cha Marekani cha ABYC, namba H-27, kinadai robine iliyowekwa chini ya maji istahimili nguvu ya ratili 500, karibu kilo 227, kwa sekunde 30. Robine ya nyumba iliyosokotwa juu ya bomba bila kibao cha kuishikilia haifiki karibu na hapo. Mtikisiko wa motere, mpira uliozeeka na mbao zinazokauka na kuvimba humalizia kazi.

## Maji yanaingia na bado tuko ziwani

8. Paskoki imekatika kati ya Idjwi na Goma. Nianze na nini?

Vaeni jaketi zote kwanza. Dakika moja ya kuvaa inalipa.

Mtu mmoja afunge robine kama bado ipo: mpini ukilala kukatisha bomba umefunga, ukifuata bomba umefungua. Kama imekatika chini ya robine, piga kigingi cha mbao ndani ya tundu (swali la 9). Wengine wafue maji kwa ndoo na pompi kwa wakati uleule, msisubiriane.

Kisha hamisha mzigo na watu. Paskoki nyingi ziko upande wa tezi (nyuma ya boti), karibu na motere. Ukipeleka magunia kuelekea omo (mbele), tezi inainuka na tundu linasogea karibu na uso wa maji. Tundu lililokuwa sentimita 50 chini likifika sentimita 12, maji yanayoingia hupungua kwa nusu hivi. Hamisha polepole, katikati ya boti, na abiria wakae chini. Watu wakisimama wote na kukimbilia upande mmoja, mnaweza kupinduka kabla ya kuzama.

Kama tundu halifikiki kutoka ndani, pitisha bashi nje: funga kamba kwenye pembe nne, iteremshe kutoka omo, ivute chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) mpaka ifunike tundu. Msukumo wa maji wenyewe utaibana. Kisha elekea ufuko ulio karibu, hata kama sio ule mliopangia, na piga simu mapema kabla mtandao haujapotea.

9. Kigingi kiwe cha mti gani, ukubwa gani?

Mti laini na mkavu. Siprè inafaa sana: inabonyea kidogo kufuata umbo la tundu, kisha inavimba ikilowa na kujikaza yenyewe. Mkaratusi mkavu ni mgumu mno, haufuati tundu lililopasuka, na ukiugonga unaweza kupasua bomba zaidi.

Chonga urefu wa sentimita 20, ncha iwe nusu ya upana wa tundu na kichwa mara moja na nusu. Usipake rangi wala mafuta, vitauzuia kuvimba. Toboa kichwani na ufunge kila kigingi kwa kamba kwenye robine yake. Kigingi kilichoko kwenye sanduku chini ya magunia hakikusaidii. Zungushia kipande cha kitenge kabla ya kupiga kama tundu si la duara. Bila kigingi, muhogo mbichi au karoti kubwa vimeshaokoa watu: vina umbo lilelile la kupungua kuelekea ncha. Vitakufikisha ufukoni, basi.

10. Je, nikaze ekru ya ndani boti ikiwa majini?

Hapana, isipokuwa kigingi kiko tayari mkononi na ufuko uko karibu. Ukikaza ekru, bomba lote hujaribu kuzunguka nayo, na mastiki iliyokuwa imeshika nusu huachia yote. Kama chuma kimekwisha kuwa sifongo (swali la 6), kitakatika pale kwenye nyuzi ya kwanza.

11. Mastiki, sabuni au saruji kutoka ndani vitaziba?

Mastiki ya kawaida haishiki mahali penye maji yanayotoka. Msukumo unaibandua kabla haijakauka. Sabuni ya kipande inaziba tenki ya mazutu kwa sababu mazutu hayaiyeyushi, lakini maji yanaiyeyusha. Saruji hushika mbao vibaya na hupasuka boti ikitikisika.

Kinachofaa kwa siku moja mbili ni udongo wa epoksi wa sehemu mbili unaokandwa mkononi, ule ulioandikwa kwamba hushika chini ya maji. Ukande mpaka rangi mbili ziwe moja, ubandike na ushikilie dakika zilizoandikwa. Kwa tuyo iliyopasuka, kata utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu, upana wa sentimita 4 au 5, uuzungushe ukiuvuta kwa nguvu kuanzia sentimita 10 kabla ya ufa mpaka sentimita 10 baada yake, kisha funga kwa waya.

12. Robine haizunguki kabisa. Nitumie bomba kurefusha mpini?

Usifanye hivyo ziwani. Mpini utakatika, au utang'oa paskoki nzima. Robine iliyokwama inashughulikiwa boti ikiwa nchi kavu: mafuta mepesi ya kupenya, siku moja ya kusubiri, kisha kuisogeza kwenda na kurudi kidogo kidogo. Hukwama kwa sababu haiguswi. Ifunge na kuifungua kila wiki.

## Kubadilisha

13. Lazima boti itoke majini?

Kwa kofia, ekru na bomba, ndiyo. Kwa tuyo, kolie na kichwa cha tuyo, hapana: funga robine na ufanye kazi. Robine yenyewe iko katikati. Kuna wanaopiga kigingi kutoka nje, mwogeleaji akiwa chini, na kubadilisha robine majini. Inawezekana, lakini bomba likikatika wakati wa kufungua hakuna tena njia ya kurudi. Ziwa letu halina maji kupwa na kujaa ya kukusaidia kama baharini, kwa hiyo boti lazima ivutwe. Tandika magogo na magunia ya mchanga ili kofia zisikwaruze mawe.

14. Nitaitoaje ya zamani bila kuharibu ubavu?

Kata kofia ya nje kwa msumeno wa umeme wa diski, polepole, mpaka ibaki pete nyembamba, kisha sukuma bomba ndani kwa kipande cha mbao na nyundo. Watu wengi hujaribu kufungua ekru iliyooza kwa saa tatu kisha hurudi kwenye njia hii. Usipige kutoka ndani kwenda nje kwa nguvu kwenye boti ya mbao, utachana uso wa ubao.

Safisha mastiki ya zamani yote kwa kisu na msasa, futa kwa asetoni, acha ikauke. Usifute kwa petroli: inaacha mafuta, na mvuke wake unalala ndani ya ngama.

15. Hatua za kuweka mpya ni zipi?

Chukua paskoki ya inchi 1 kama mfano. Kwa nyuzi za BSP (kiwango cha Uingereza) upana wake wa nje ni milimita 33.25. Tundu liwe milimita 34 mpaka 35. Likiwa kubwa zaidi, mastiki peke yake ndiyo itakayoshika bomba, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa tundu jipya, toboa kwanza milimita 6 kutoka ndani, kisha kata kwa msumeno wa duara kutoka nje mpaka nusu na umalizie kutoka ndani, ili uso usichanike.

Andaa kibao cha ndani: mvule wa unene wa milimita 20 au 25, upana mara mbili au tatu ya ekru, umechongwa kufuata mpindo wa ubavu. Ekru ikikaa juu ya uso uliopinda inabana upande mmoja tu, na upande mwingine ndio utakaovuja. Kibandike kwa epoksi au mastiki, na upake epoksi kingo za mbao ndani ya tundu.

Funga kila kitu kikavu kwanza, bila mastiki. Hakikisha ekru inakaa sawa, robine inapata nyuzi za kutosha (swali la 18), na mpini unaweza kuzunguka robo duara bila kugonga taruma. Bomba likiwa refu mno, likate sasa na upige tupa nyuzi ya mwisho.

Fungua tena. Paka mastiki chini ya kofia na kuzunguka shingo, mstari mnene usiokatika. Msaidizi asukume kutoka nje na ashikilie kofia isizunguke. Wewe ukaze ekru tu. Acha kukaza mastiki inapotokeza pande zote kwa usawa. Ukiendelea, utaifukuza yote na kubaki chuma juu ya mbao. Futa ya ziada kabla haijashika.

Sasa subiri. Mastiki ya poliurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, karibu milimita 3 kwa siku kutoka nje kwenda ndani. Saa 48 ndicho kiasi cha chini. Siku saba ni bora. Shinikizo la kurudi kazini kesho ndilo linalovujisha paskoki mpya kuliko kosa lolote la ufundi.

16. Silikoni haifai?

Si chini ya mstari wa maji. Inashika uso tu, mpindo kidogo unaibandua, na kibaya zaidi inaacha mabaki ambayo hakuna mastiki nyingine wala rangi itakayoyashika. Tumia poliurethani ya boti au polisulfidi.

17. Naweza kutumia robine ya letoni kutoka duka la mabomba ya nyumba?

Juu ya mstari wa maji, ndiyo. Chini yake, tumia bronzi, au plastiki ya nailoni iliyoimarishwa iliyotengenezwa kwa boti. Maji ya Kivu si kama maji ya mvua: yana chumvi nyingi zilizoyeyuka kuliko maziwa mengi ya maji matamu, na pH yake iko karibu na 9. Kama letoni ndiyo pekee unayoipata na boti lazima ifanye kazi, andika tarehe juu yake kwa rangi, ikwaruze kila miezi sita na uwe na nyingine kwenye sanduku. Bomba jeupe la PVC la nyumba lisitumike kabisa: pigo moja linalivunja.

18. Robine inaingia mizunguko miwili kisha inakataa. Niilazimishe?

Nyuzi hazilingani. Bomba la paskoki mara nyingi lina nyuzi zilizonyooka, baadhi ya robine za nyumba zina nyuzi zinazobana kuelekea ndani, kwa hiyo zinashika haraka na kusimama. Unahitaji angalau mizunguko mitano kamili.

Jihadhari na vifaa vilivyotoka Marekani. Kwa inchi 1/2 na 3/4, nyuzi za BSP na za NPT (kiwango cha Marekani) zote ni 14 kwa inchi, zinaingia kana kwamba ni ndugu, lakini pembe ya moja ni digrii 55 na ya nyingine 60. Zitashika, zitavuja, na ukikaza zaidi mwili wa robine utapasuka. Kwa inchi 1 tofauti inaonekana mapema: 11 dhidi ya 11.5.

19. Kolie moja au mbili?

Mbili kila mwisho, skrubu zake zikielekezwa pande tofauti, mradi kichwa ni kirefu cha kuzibeba zote. Kikiwa kifupi, moja iliyokaa katikati ni bora kuliko ya pili inayokata ukingo wa tuyo. Nenda dukani na sumaku: utepe wa inoksi usivutwe, na skrubu vilevile. Kolie nyingi zina utepe mzuri na skrubu ya chuma cha kawaida inayooza kwanza.

Tuyo iwe yenye nyuzi au waya ndani. Ikikataa kuingia, chovya ncha yake kwenye maji ya moto dakika moja, usipake grisi.

## Chuma na fiba

20. Boti yangu ni ya chuma. Niweke paskoki ya bronzi?

Usiweke. Bronzi na chuma vikigusana majini, chuma ndicho kinacholiwa, na kinacholiwa ni ubavu wako. Chomelea kipande cha bomba la chuma lenye ukuta mnene. Kwa inchi 1, bomba la daraja la 80 (Schedule 80) lina ukuta wa milimita 4.55. Mshono uzunguke wote, ndani na nje, na kama bamba la ubavu limekonda, ongeza bamba la pili kwanza. Robine ya nailoni iliyoimarishwa juu yake inaondoa ugomvi wa metali mbili. Kabla ya kuchomelea toa tenki za mafuta, pitisha hewa ndani ya ngama na ukate waya za betri.

21. Fiba yangu ni tabaka mbili zenye mbao katikati. Kuna tofauti?

Kubwa. Maji yakifika kwenye mbao za katikati, huoza bila kuonekana na ekru inalegea kila mwezi. Chokonoa mbao hizo sentimita 2 au 3 kuzunguka tundu, jaza epoksi nzito, iache ikauke, toboa upya katikati yake.

## Maswali ya pembeni

22. Pompi inafanya kazi, ikizimwa maji yanarudi. Paskoki imeharibika?

Huenda ni nzima. Tundu la kutolea maji lililokuwa juu boti ikiwa tupu linazama boti ikijaa mizigo, na tuyo iliyojaa maji inayavuta kurudi ndani kwa uzito wake mwenyewe. Hili linatokea usiku, boti imepakiwa inasubiri kuondoka, na asubuhi watu wanatafuta ufa usiokuwepo. Pandisha tuyo mpaka karibu na ukingo wa boti kabla ya kushuka kwenye tundu, weka pumulio la hewa juu ya mpindo, na uweke robine. Halafu ulizeni kwa nini boti inapakiwa mpaka tundu hilo linazama.

23. Boti ya mbao ilivuja saa chache baada ya kurudi majini, kisha ikakauka. Nimefanikiwa?

Inawezekana, mbao zimevimba. Angalia tena siku ya tatu na ya saba. Ndiyo maana ekru haikazwi kwa nguvu zote mbao zikiwa kavu: zikivimba, zitakaza zenyewe au zitapasua kibao. Kama tundu liko kwenye mshono wa mbao mbili, halitatulia kamwe. Lihamishe katikati ya ubao, sentimita 5 kutoka mshono, na uzibe la zamani kwa kipande cha ubao.

24. Zinki ya kulinda chuma inasaidia ziwani?

Kwenye maji yasiyo ya bahari zinki hujifunika ukoko na kuacha kazi. Tumia alumini. Isipopungua kabisa kwa mwaka mzima, jua haigusani na chuma unachotaka kulinda.

25. Tunafanya kazi ndani ya ngama boti ikiwa ufukoni Goma. Kuna hatari gani?

Mazuku. Gesi nzito ya kaboni inayotoka ardhini kaskazini mwa ziwa hulala kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia, na ngama ya boti iliyo bondeni ni bonde ndani ya bonde. Haina rangi, na mtu huzimika kabla ya kuelewa. Usivutie boti mahali wenyeji wanapopataja kwa mazuku, anza kazi jua likishapanda, na asiingie mtu peke yake. Usijaribu hewa kwa mshumaa: kama kuna mvuke wa petroli, utaulipua. Aliyeanguka ndani asifuatwe na mwingine kwa pupa. Vuteni kwa kamba.

26. Boti itakaa miezi miwili bila kazi. Nifanye nini?

Funga robine zote, kausha ngama, na mlinzi aangalie kila baada ya siku mbili. Funga utepe mwekundu wa kitenge kutoka mpini wa robine ya kupozea hadi ufunguo wa motere. Atakayewasha bila kuufungua ataunguza mapezi ya mpira ya pompi ya maji ndani ya dakika chache, kisha atashinda kutwa akitafuta vipande vyake ndani ya mabomba ya kupozea.